Matembezi ya Siku Moja: Kolo, Kondoa na Mji wa Dodoma



Mgeni akifika katika nyanda hizi za kati akauliza, “Kwenu kuna nini cha kutazama?” mara nyingi hujibiwa, “Hakuna kitu, Bwana. Ni vumbi, mibuyu na upepo.” Jibu hilo hutolewa kwa adabu, na msemaji hudhani amesema kweli. Lakini mwenye nyumba asiyejua kilichomo chumbani mwake hawezi kukilinda, na mwizi akija hatajua ameibiwa nini. Kwa sababu hiyo twapenda kuwasimulia safari ya siku moja tuliyofanya sisi na jamaa yetu, ili nanyi mpate kuijua njia na kuwachukua watoto wenu.

Katika nchi ya Italia uko mji uitwao Florence. Watu wa nchi zile huona ni desturi njema kwenda huko pamoja na watoto. Asubuhi huwaonyesha picha zilizochorwa na mafundi wa zamani, adhuhuri hukaa mezani pamoja kula chakula cha mji ule, na jioni hupanda mahali pa juu wakautazama mto na mapaa ya nyumba. Jambo hilo ni jema, wala halihitaji Florence peke yake. Picha, chakula na mji wa kutazama, vyote vitatu vipo hapa petu. Tena nyingi za picha zetu ni za kale kuliko zile za Florence kwa mamia mengi ya miaka.

Tulikuwa watu wanane: baba na mama wa nyumba, bibi yetu mzaa baba, watoto wanne, na kijana mwendesha motokaa. Tulichagua Jumamosi ya mwezi wa Agosti, maana mwezi huo hakuna mvua, njia za mlimani ni kavu, na zabibu za mavuno ya pili zimeanza kuiva. Habari za safari zilipoenea, majirani wawili walikuja kutushauri. Wa kwanza alisema, “Kolo ni mahali pa mizimu, Mkristo anatafuta nini huko?” Wa pili alisema, “Mtachoma petroli bure. Huko hakuna picha, ni madoa mekundu juu ya mawe.” Tuliwashukuru wote wawili, kwani shauri la jirani si la kutupwa, lakini tulitaka kwanza kuona kwa macho yetu, ndipo tujibu.

Tuliondoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri, tukashika njia ya kaskazini. Njia hii ni kipande cha ile barabara kuu ambayo Waingereza walitamani itoke Cape Town hata Cairo. Bibi alitusimulia kwamba zamani safari ya Kondoa ilikuwa ni ya kutwa nzima, na wakati wa masika watu walilala njiani, magurudumu yakizama topeni. “Wala si ajabu,” alisema akicheka, “hata jina la mji wetu ni kuzama.” Kisha akawaeleza watoto hadithi wanayoisimulia Wagogo, ya kwamba tembo alikwenda kunywa maji akazama matopeni asiweze kutoka, na watu walipomwona wakasema “Idodomya,” yaani amedidimia, na watu wa nje wakalitamka jina hilo Dodoma. Siku hizi tembo hazami, wala motokaa haizami. Barabara ya lami kutoka Dodoma mpaka Babati, kilomita 251, ilifunguliwa mwaka 2018.

Jua lilituchomozea tulipokwisha pita Mayamaya. Mibuyu ilisimama bila majani, mingine mipana hata watu wanane kama sisi tusingeweza kuizunguka kwa kushikana mikono. Mashamba ya uwele na mtama yalikuwa yamekwisha vunwa, yakabaki mabua tu. Hapa na pale tuliona tembe, ile nyumba ya kale ya Wagogo, ndefu na fupi kimo, yenye paa la udongo lililo sawasawa kama meza. Bibi aliwaonyesha watoto, akawaambia, “Mimi nilizaliwa katika nyumba ya namna ile. Mchana nje jua linachoma, ndani baridi.” Nyumba za mabati zimekuwa nyingi, na tembe zimekuwa chache, mtoto atakayetaka kuiona na afanye haraka.

Tukapita Chemba, tukafika Kondoa, wala hatukukaa. Tukaendelea kilomita zipatazo ishirini na zaidi mpaka kijiji cha Kolo. Tangu Dodoma hata Kolo ni kilomita zipatazo 180. Hapo ipo ofisi ya Mambo ya Kale, ambapo kila mgeni hupaswa kuandikisha jina, kulipa ada na kupewa mwongozaji. Wetu alikuwa mzee mpole wa kabila la Warangi. Watoto walimwamkia, naye akawaitikia, “Marahaba, wajukuu zangu,” kisha akawatazama miguuni kuona kama wamevaa viatu vya kupandia mlima.

Kabla hatujapanda, mzee alitueleza mambo machache, nasi twayaandika hapa kwa faida yenu. Watu husema “mapango ya Kolo,” lakini mengi si mapango ya kuingia gizani. Ni miamba mikubwa iliyoinama mbele kama baraza ya nyumba, hata mvua na jua haviufikii ukuta wake. Juu ya kuta hizo ndipo palipochorwa. Michoro haipo Kolo tu, bali imetapakaa katika nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, kando ya magenge ya Bonde la Ufa. Hesabu kamili ya miamba yenye michoro haijulikani. Hukadiriwa kuwa ni kati ya 150 na 450. Mwaka 2006 UNESCO iliiandika Michoro ya Miambani ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi mwamba ule ambao mchungaji wa mbuzi hujikinga mvua chini yake, umeandikwa katika kitabu kimoja na piramidi za Misri na mji wa Florence.

Kutoka ofisini tulikwenda kwa motokaa katika njia ya vumbi, kisha tukaiacha chini ya mlima tukapanda kwa miguu. Mlima ule ni mkali, na mawe yake huteleza. Mahali penyewe huitwa Mungomi wa Kolo. Tulipofika juu, jasho likitutoka, tuligeuka nyuma tukaona nchi tambarare imelala chini yetu mpaka mbali sana, na ukungu wa asubuhi haujaisha mabondeni. Hata kama pasingalikuwa na mchoro mmoja, macho yangalikuwa yamekwisha pata malipo yake.

Tuliposimama mbele ya ukuta wa kwanza, mtoto wetu wa pili alininong'onezana na nduguye, “Yule jirani alisema kweli, ni madoa.” Mzee alisikia, asikasirike. Alisema, “Kaeni chini. Nyamazeni. Hesabuni pumzi zenu mpaka mia, huku mnatazama.” Tukakaa. Ni kweli kwamba mwanzoni mtu haoni ila wekundu uliochakaa. Lakini jicho lina tabia ya kujifunza. Mara mmoja alisema, “Naona shingo ya twiga.” Mwingine akasema, “Yule ni tembo, na mwingine juu yake.” Ndipo wote wakaona: pofu, swala, watu warefu wembamba kama mabua, wenye vichwa vikubwa vya mviringo vilivyochorwa kwa mistari myembamba kuliko uzi. Binti yetu mkubwa alikuwa amechukua daftari, akajaribu kumnakili twiga mmoja. Alichora, akafuta, akachora tena, mwishowe akasema, “Aliyechora hapa hakufuta hata mara moja.” Hakika ilikuwa hivyo. Mstari wa mgongo ulikuwa umepitishwa mara moja tu, kwa mkono usiotetemeka.

Rangi ile nyekundu ni ngeu, udongo mwekundu ambao hata mafundi seremala wa zamani walikuwa wakiutumia kupigia mistari; wataalamu hudhani ilichanganywa na mafuta au kitu kingine cha kuishikisha mwambani. Picha nyekundu ndizo za kale zaidi, nazo zilichorwa na watu waliokuwa wakiwinda wanyama na kuchuma matunda ya porini. Wengi hudhani watu hao walikuwa jamaa ya Wasandawe na Wahadza, ambao mpaka leo wapo katika nchi yetu, na lugha zao zina sauti za kualiza ulimi. Juu ya picha nyekundu, au kando yake, zipo nyingine za rangi nyeupe, nene na za haraka, ambazo huhesabiwa kuwa za wakulima na wafugaji waliofika baadaye. Kwa hiyo ukuta mmoja ni kama daftari lililoandikwa na vizazi vingi. UNESCO husema kazi hiyo ilidumu kwa muda usiopungua miaka elfu mbili.

Ipo picha moja ya Kolo inayojulikana sana duniani. Watu watano wamesimama, na wa katikati, anayeonekana kuwa mwanamke, ameshikwa mikono na wenzake wa pande mbili kana kwamba huyu amvuta huku na yule amvuta kule. Bibi Mary Leakey, aliyekaa nchi hii miezi kadhaa mwaka 1951 akinakili michoro, alidhani ni habari ya mwanamke anayetekwa. Nakala zake alizitoa katika kitabu mwaka 1983. Wataalamu wengine waliomfuata walisema sivyo, bali ni ngoma ya uganga, na yule wa katikati anategemezwa na wenzake asianguke. Watoto wetu waligawanyika pia. Bibi alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mimi naona mtu aliye hoi, na wenzake hawamwachi.” Mzee mwongozaji alitikisa kichwa kwa kukubali, akasema maneno hayo hajapata kuyasikia kwa wageni.

Sasa twataka kusimulia jambo lililotufanya tuandike habari hii. Mtoto wetu mdogo, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa na chupa yake ya maji. Aliona picha moja imefifia sana, akauliza kwa moyo safi, “Babu, tukiziosha si zitang'aa?” Mzee alimshika mkono polepole, akamwonyesha sehemu ya ukuta iliyokuwa nyeupe na yenye michirizi. Akasema, “Mjukuu wangu, si wewe wa kwanza kuwaza hivyo. Wageni wengi walimwagia maji ili picha ikolee, wapate kuipiga kwa kamera. Ni kweli, ikilowa hung'aa kwa dakika chache. Kisha maji yakikauka huacha chumvi juu ya mwamba na kuondoka na rangi kidogo. Leo kidogo, kesho kidogo. Hapa palikuwa na watu, sasa hapana.” Mtoto alikifunga kizibo cha chupa yake kwa nguvu, akaiweka nyuma ya mgongo.

Katika miamba mingine mzee alituambia kuna mashimo chini ya michoro. Watu wamechimba kwa sababu ya uvumi kwamba Wajerumani, walipokuwa wakikimbia katika vita ya kwanza, walificha dhahabu humo. Wachimbaji huvuruga udongo uliohifadhi mabaki ya wale waliochora, tena vumbi lao hupanda na kugandamana juu ya picha. Wengine huandika majina yao kwa mkaa au kwa jiwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, lakini miamba ni mingi na walinzi ni wachache.

Tulikumbuka habari ya Florence. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika ukaingia katika mji ule. Katika kanisa la Santa Croce palikuwa na msalaba mkubwa wa mbao, uliochorwa sura ya Mwokozi na fundi Cimabue miaka mia saba kabla. Maji na matope yaliupanda, na yaliposhuka zaidi ya nusu ya rangi ilikuwa imekwenda. Vijana kutoka nchi nyingi walikuja bila kuitwa, wakasimama matopeni wakitoa vitabu na picha, hata watu wa mji wakawaita malaika wa matope. Mafundi waliutengeneza msalaba ule kwa miaka kama kumi. Lakini mahali rangi ilipotoka hawakuweza kurudisha uso uliokuwapo. Waliacha pengo lionekane. Basi mji wenye mali na mafundi wote wale ulishindwa kurudisha kilichooshwa na maji. Sisi je, tutakirudisha kwa nini? Dawa yetu ni moja tu: kisioshwe. Na Florence ilipata vijana wa kuingia matopeni kwa sababu walikuwa wamekwisha kuzipenda zile picha. Hakuna aingiaye matopeni kwa ajili ya kitu asichokijua.

Tumesema jirani wa kwanza aliogopa mizimu. Hakukosea kabisa. Wenyeji wengine hata leo hupanda Mungomi wa Kolo kutambika, kuomba mvua na kutafutia wagonjwa wao uponyaji, na yawezekana kuona dalili za sadaka mahali pale. Sisi hatukwenda kutambika, wala hatukwenda kuwadhihaki wanaotambika. Mtu aweza kuingia katika nyumba ya mwenziwe kwa hodi, akastaajabia nakshi za mlango, akatoka salama na imani yake. Lipo jambo gumu hapa, nalo lafaa lisemwe wazi: wakati mwingine watambikaji hurusha pombe ya nafaka ukutani, na pombe nayo huharibu rangi. Wenye ofisi wangependa wakome. Nao husema mahali hapa palikuwa pa babu zao kabla ya ofisi kuwapo. Tuliona kwamba shauri hilo halitamalizwa kwa kukemea. Litamalizwa na watu wenye kukaa pamoja chini ya mwamba mmoja, kila mmoja akijua mwenzake apenda nini.

Saa saba mchana tulikuwa tumerudi Kondoa, na njaa ya mlimani haina adabu. Tuliingia katika hoteli ndogo ya mama mmoja, naye akatuita, “Karibuni, wageni wangu, nawieni mikono.” Alituletea ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kienyeji na maziwa mgando. Watoto wetu wamezoea ugali mweupe wa mahindi. Walipouona huu wenye rangi ya majivu walitazamana. Mlenda ni mboga ya majani yanayoteleza. Watu wa nchi hii huyakausha kivulini, wakayatwanga, wakayaweka yawafae mwaka mzima, na wakipika hutia magadi na karanga. Anayeula mara ya kwanza huona unavutika kama uzi kutoka bakulini mpaka kinywani, akaona haya. Bibi aliwafundisha: mega, bonyeza kidole gumba upate shimo, chota, kisha zungusha mkono mara moja ili uzi ukatike. Baada ya tonge la tatu hapakuwa na aliyelalamika. Bibi akasema, “Mahindi ni mtoto wa mvua, mvua ikikosa siku chache, analia. Uwele ni mtoto wa jua. Katika mwaka wa njaa ndio uliotulea.” Nasi twaona hilo nalo ni la kuonyeshwa watoto sawasawa na picha, kwani chakula nacho ni kazi ya akili ya wazee.

Baada ya kula tulikwenda kutazama chemchemi ya Kondoa, maji yanayotoka ardhini chini ya miti mikubwa, katika nchi ambayo watu hutembea mbali kutafuta maji. Kisha tukarudi njiani, na hapo baba wa nyumba aliwaonyesha watoto makorongo yaliyoikata milima kama visu. Milima ya Kondoa Irangi ilikuwa mfano mbaya wa mmomonyoko wa udongo. Miti ilikatwa, mifugo ilizidi malisho, na kila masika mvua ilichukua udongo ikaupeleka mabondeni. Mwaka 1973 serikali ilianza mradi ulioitwa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibika zaidi. Lilikuwa pigo kubwa. Mwenye ng'ombe hutenganishwa naye kwa machozi, na wengi walihama. Lakini baada ya miaka michache nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miti, na sehemu nyingi za makorongo zikaanza kupona. Baadaye watu waliruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa zizini, wakiwaletea majani.

Tulilinganisha mambo hayo mawili. Ardhi ikijeruhiwa, ukiiacha ipumzike, hujiponya yenyewe, maana mbegu zimo ndani yake. Picha ikijeruhiwa haina mbegu. Aliyeichora amekufa zamani, na jina lake halijulikani.

Tuliingia mjini Dodoma saa kumi alasiri na kidogo. Kwanza tulikwenda soko la Majengo kununua zabibu. Nchi yetu ni ya pekee, kwani mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka: katika miezi ya Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Husemwa kwamba walioanza kuotesha mizabibu hapa ni wamisionari wa Bihawana. Leo ni zao la wakulima wengi, na huko Makutupora kipo kituo cha kuchunguza aina zake. Zabibu zile hupenda hewa kavu na jua lile lile tunalolilaumu. Tulizila tumekaa katika bustani ya Nyerere Square, penye sanamu ya Mwalimu, huku watoto wakishindana kutema mbegu mbali, mpaka mama wa nyumba alipowakanya.

Mji wenyewe si mzee. Ulianza mwaka 1907 Wajerumani walipokuwa wakijenga reli kutoka Dar es Salaam, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamishiwe hapa. Bunge lilihamia mwaka 1996, na mwaka 2018 Dodoma ilipewa heshima ya kuitwa Jiji. Tulitembea tukatazama nyumba za ibada, ambazo katikati ya mji zimekaribiana kama majirani wema: Kanisa Kuu la Waanglikana lenye kuba, na la Walutheri karibu yake, kisha msikiti mkubwa wa Gaddafi uliofunguliwa mwaka 2010. Tukafika hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Hapo Italia tuliyoitaja mwanzoni ilitukuta wenyewe. Maana Paulo wa Msalaba alizaliwa Ovada, Italia, mwaka 1694, akaanzisha shirika la Wapasionisti, na mapadre wa shirika lake kutoka Italia walikabidhiwa kazi ya Dodoma katika miaka ya 1930. Tulitazama pia stesheni mpya ya gari la moshi; ingawa moshi hakuna tena, kwani tangu mwaka 2024 magari ya umeme huja hapa kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa chache.

Jua lilipokaribia kuzama tulikwenda nyumbani kwa bibi, pembeni mwa mji. Jirani yake ni mzee apigaye zeze. Bibi alimwambia, “Shemeji, wajukuu wametoka kutazama picha za kale; waonyeshe na sauti.” Alikokota zeze lake taratibu, nayo sauti ikatoka kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Muziki wa Wagogo umesikika mbali. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa nchi hii aliyefariki mwaka 2003, aliupiga kwa zeze na ilimba katika nchi nyingi za ng'ambo, akashangiliwa. Wake za Wagogo nao wana ngoma zao ziitwazo muheme, ambazo hupigwa na wanawake wenyewe. Binti yetu alifungua daftari, akamwonyesha mzee yule twiga aliyemchora. Mzee alimtazama twiga kwa kitambo, akauliza, “Bado yupo?” Binti akajibu, “Bado yupo, Babu, ila miguu imeanza kupotea.”

Basi, wazazi wenzetu, tukiulizwa na majirani wetu wawili, jibu letu ni hili. Kwa wa pili twasema: ni madoa kwa asiyekaa kitako. Kwa wa kwanza twasema: tulikwenda kwa heshima, tukarudi na watoto wanaowajua wazee wa nchi yao kuliko jana. Wala kazi haijaisha. Mwaka 2018 mtaalamu mmoja aliona katika pori la akiba la Swaga Swaga, mkoani mwetu, mwamba wenye michoro ambayo wataalamu hawakuwa wakiijua, nayo ilitangazwa mwaka 2021. Pengine mingine ipo, nyuma ya shamba la msomaji mmojawapo wa gazeti hili.

Mkitaka kwenda, fanyeni hivi. Ondokeni alfajiri, mfike Kolo kabla ya jua kali. Jiandikisheni ofisini na mchukue mwongozaji, kwani bila yeye mtaona mawe tu. Vaeni viatu imara. Chukueni maji ya kunywa, si ya kumwaga ukutani. Msiguse mchoro hata kwa kidole kimoja, kwa sababu jasho la mkono hula rangi. Msiwashe moto chini ya mwamba. Wala msiandike jina lolote. Mpeni kila mtoto karatasi na kalamu, akanakili mnyama mmoja. Na mkiona mtu amechimba au amechora juu ya picha za kale, pelekeni habari ofisini bila kuchelewa. Fedha za safari hiyo si haba kwa mwenye watoto wengi. Lakini jamaa mbili zaweza kushirikiana motokaa moja, na mlenda wa Kondoa hauna bei kubwa.